Mlezi wa Utotoni na Moyo wa Mtu Mzima

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, jioni ya pili ya maadhimisho)



Tulipoombwa kusema machache juu ya malezi, swali la kwanza lilikuwa lugha. Halmashauri iliona kwamba Kigujarati kitawaacha nje majirani zetu, Kiingereza kitawaacha nje baadhi ya wazee wetu, na Kiswahili hakitamwacha mtu mlangoni. Twakubaliana nayo, na twaongeza sababu moja ambayo haikutajwa kikaoni. Wengi wetu tuliozaliwa katika mwambao huu hatukukipata Kiswahili darasani. Tulikipata mgongoni na mapajani, kwa mwanamke aliyetubeba, akatuogesha, akatulisha, akatubembeleza hata tukalala. Katika nyumba zetu aliitwa Yaya, na wengine wetu hatukuwahi kumjua kwa jina jingine.

Yeye ndiye tunayetaka kumzungumzia jioni hii, pamoja na mtoto aliyemwacha nyuma alipoondoka.

Katika kazi yetu ya kufundisha watoto wadogo tulipokea, miaka kadhaa iliyopita, mtoto wa kiume wa miaka 3 ambaye kila asubuhi aliletwa na yaya wake. Akifika mlangoni hulia kidogo, yaya humfuta machozi kwa ncha ya kanga, naye huingia kucheza. Jumatatu moja aliletwa na dereva. Hakulia. Aliketi kimya, akapanga vijiti vyake, akala alichopewa. Tulifurahi, na hatuoni haya kukiri: tulimwambia mama yake kwamba mtoto amekua, amezoea shule. Wiki ya pili tulipokuwa tukitafuta daftari katika mkoba wake tulikuta kipande cha kanga kilichochanwa, kimekunjwa mara nyingi kikawa kidogo kama kitambaa cha mkononi. Tulipokigusa, mtoto yule aliyekuwa mtulivu alipiga ukelele ambao hatujausahau. Ndipo tulipouliza, tukaambiwa kwamba yaya alikuwa ameachishwa kazi Ijumaa usiku, kwa jambo la fedha ambalo baadaye lilionekana si kosa lake, na kwamba mtoto aliambiwa amekwenda sokoni.

Tokea siku ile tumeyasoma kwa makini zaidi yale yaliyoandikwa na wataalamu wa saikolojia juu ya namna mtoto anavyoshikamana na mlezi wake wa kwanza, na namna kushikamana huko kunavyomfuata katika utu uzima. Tulipoanza kusoma tulistaajabu kuona kwamba habari yenyewe inaanza na yaya.

John Bowlby alizaliwa London mwaka 1907, mtoto wa nne kati ya sita, na baba yake alikuwa daktari mpasuaji mwenye cheo kikubwa. Katika nyumba za tabaka lile mama alikaa na wanawe kama saa moja kwa siku, baada ya chai ya alasiri, na saa nyingine zote zilikuwa za watumishi. Aliyemlea Bowlby kwa mikono yake alikuwa msichana aitwaye Minnie. Mtoto alipokuwa na umri wa karibu miaka 4, Minnie aliondoka. Bowlby alipokuwa mtu mzima aliieleza siku hiyo kuwa karibu sawa na kufiwa na mama. Baadaye akawa daktari wa magonjwa ya akili, na baada ya Vita Kuu ya Pili Shirika la Afya Duniani lilimwomba achunguze hali ya watoto waliokosa makao. Taarifa yake ilitoka mwaka 1951. Kisha akaandika vitabu vitatu, kati ya 1969 na 1980, juu ya kushikamana, kutengana na kupoteza. Hatusemi kwamba elimu yote hiyo ilitoka katika chozi moja la mtoto. Lakini nasi tulilelewa katika nyumba za namna hiyo, na ni vigumu kutoliona chozi lile.

Kabla ya Bowlby wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa: anayemlisha ndiye anayependwa, na akija mwingine mwenye maziwa, naye atapendwa. Nyumba zetu nyingi bado zinaamini hivyo bila kusema. Yaya akiondoka twaleta mwingine, chupa ni ile ile, uji ni ule ule, twashangaa mtoto anataka nini tena. Bowlby alisema kwamba kushikamana ni haja yenyewe, haitokani na tumbo. Mtoto wa binadamu huzaliwa dhaifu kupita viumbe wengi, na maisha yake yote hutegemea kuwa karibu na mtu mmoja au wachache anaowatambua. Huko Wisconsin, Marekani, mtafiti Harry Harlow alionyesha jambo la namna hiyo kwa watoto wa nyani mwishoni mwa miaka ya 1950: aliwapa sanamu mbili, moja ya waya yenye chupa ya maziwa, nyingine iliyofunikwa kitambaa laini isiyo na maziwa, nao walikwenda kwenye waya kunyonya tu, kisha wakarudi kukumbatia kitambaa. Sisi tunaomwimbia Hanuman kila Jumanne na Jumamosi tusamehewe kulitaja jaribio lile, kwa maana lilikuwa la kikatili. Ila kitambaa kile kilitukumbusha kipande cha kanga.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia aitwaye Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby London, alimfuata mumewe Kampala. Akiwa na Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, alichagua vijiji karibu na mji, akaanza kuzitembelea familia 26 za Waganda zenye watoto wachanga. Hakuwa na maabara. Alikuwa na daftari na mkalimani, akakaa na akina mama mchana, kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa miezi kadhaa, akitazama. Alichokiona kila mama katika ukumbi huu amekiona: mtoto anayeanza kutambaa humwacha mama, akaenda hatua chache kuchungulia chungu au kuku, akageuka kumtazama, akaenda tena, akarudi kumgusa goti, akaondoka upya. Ainsworth aliona kwamba mama ni kama bandari. Jahazi haliendi mbali kwa sababu limeisahau bandari; linakwenda mbali kwa sababu linajua bandari ipo.

Aliona pia kwamba watoto wale hawakuwa sawa. Walikuwapo walioshikamana kwa utulivu, walikuwapo waliolia sana hata wakiwa mikononi, na wachache waliokuwa kama hawajashikamana na mtu. Alipotafuta sababu, hakuona kwamba kuwapo kwa walezi kadhaa nyumbani, peke yake, kunamdhuru mtoto. Jambo hili twaomba lisikike vizuri, kwa sababu kuna waliotumia maneno ya Bowlby kuwalaumu akina mama wanaokwenda kazini, na lawama hiyo haina haki. Lililoleta tofauti ni mengine, na mojawapo limetukaa moyoni: watoto watulivu zaidi walikuwa wa wale akina mama ambao, wakiulizwa habari za mtoto, walikuwa na mengi ya kueleza. Analala upande gani, anaogopa nini, sauti yake ya njaa inatofautianaje na sauti yake ya usingizi. Kitabu cha Ainsworth juu ya utoto katika Uganda kilitoka mwaka 1967. Tulipofika ukurasa huo tulijiuliza: katika nyumba zetu, akija mgeni kuuliza mambo hayo, nani angeweza kumjibu? Mara nyingi angeitwa Yaya kutoka jikoni.

Baadaye Ainsworth alihamia Baltimore, Marekani, akabuni jaribio fupi linalojulikana duniani kote. Mtoto wa mwaka mmoja huletwa pamoja na mama katika chumba chenye vitu vya kuchezea. Mama hutoka dakika chache, kisha hurudi. Watu hudhani kinachopimwa ni kilio cha mtoto mama anapotoka. Hasa kinachotazamwa ni wakati wa kurudi. Watoto walio wengi humkimbilia mama, hubembelezwa, hutulia, hurudi kucheza. Wengine hung'ang'ania na kumpiga mama papo hapo, wakitaka kubebwa na wakikataa kubebwa, kwa kuwa wamezoea mlezi ambaye leo yupo na kesho hayupo. Na kundi la tatu hawaonyeshi lolote. Mama anarudi, mtoto anaendelea na mchezo wake, anageuza uso. Wageni husema: mtoto huyu hana usumbufu. Mwaka 1977 watafiti Alan Sroufe na Everett Waters walichapa habari za mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, na moyo wa mtoto asiyelia ulikuwa unakwenda mbio. Mtoto amejifunza, kabla hajajua kusema, kwamba kulia hakuleti mtu. Basi huokoa nguvu zake kwa kunyamaza.

Ndivyo alivyokuwa mtoto wetu wa Jumatatu, nasi tulimsifu.

Mtoto huyo hukua. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliwauliza watu wazima, kwa njia ya gazeti la mji wa Denver, jinsi wanavyopenda, na majibu yakaangukia katika makundi yanayofanana na yale ya watoto: wengi kidogo zaidi ya nusu walikuwa na utulivu wa kumtegemea mwenzao na kutegemewa, wengine waliishi kwa hofu ya kuachwa, wengine hawakupenda mtu awakaribie sana. Hatuhitaji kwenda Denver. Tunamjua bwana ambaye ni mwaminifu, mchapakazi, hakosi ada ya hekalu, lakini mkewe akilia yeye hutoka kwenda kutazama hesabu za duka. Tunamjua bibi ambaye mumewe akichelewa nusu saa hupiga simu mara kumi, na akifika hamsemeshi. Tunawajua wanandoa wa miaka 30 ambao hawajawahi kuombana msamaha, si kwa ubaya, bali kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyejifunza kwamba mtu akiondoka kwa hasira anaweza kurudi na mambo yakatengenea. Hatusemi kwamba kila jambo kama hilo lina yaya ndani yake. Wapo walioachwa na mama kwa ugonjwa, wapo waliopelekwa shule za bweni ng'ambo ya bahari wakiwa wadogo mno, wapo waliofiwa. Na wataalamu waliowafuatilia watoto wa Minnesota tokea katikati ya miaka ya 1970 hata wakawa watu wazima wanatuonya kwamba utoto si hukumu ya maisha: njia hubadilika kwa mwalimu, kwa rafiki, kwa ndoa njema. Wanasema tu kwamba mwanzo una uzito, na uzito huo haupotei kwa kutotajwa.

Maandiko yetu yanalijua jambo hili kwa kina, na tunashangaa kwamba hatuyasomi hivyo. Mchukueni Karna. Kunti alimzaa kabla ya kuolewa, akaogopa, akamweka katika kikapu kilichozibwa kwa nta akamtia mtoni. Adhiratha, mwendeshaji wa gari la farasi, alimkuta, na mkewe Radha, ambaye hakuwa na mtoto, akampokea. Miaka ikapita. Katika uwanja wa mashindano, mbele ya wana wa wafalme, Karna aliulizwa nasaba yake akainamisha uso. Duryodhana alimtawaza papo hapo kuwa mfalme wa Anga, na maji ya kutawazwa yalikuwa bado yanamchuruzika kichwani Adhiratha alipoingia uwanjani, mzee, anatetemeka, ameegemea fimbo. Watu wote wakaona kwamba mfalme mpya ni mtoto wa dereva. Karna aliinamisha kichwa chake chenye maji mbele ya mzee yule. Wakamcheka. Na Kunti alikuwapo pale, akamtambua, akazimia, asiseme neno.

Ukifika wakati wa vita, Krishna alimwambia Karna ukweli wa kuzaliwa kwake na kumwahidi ufalme wote. Karna alikataa, na sababu alizozitoa zi wazi katika Udyoga Parva. Alisema kwamba siku Radha alipompokea, maziwa yalimtoka kifuani kwa mapenzi, na kwamba ndiye aliyemsafisha uchafu wake wa utotoni. Angewezaje kumkana? Kunti mwenyewe alipomfuata kwenye kingo za Ganga, alimjibu kwa adabu, akamwahidi kuwaachia uhai wana wake wanne, lakini hakurudi kwake.

Mara nyingi tumesikia kisa hicho kikielezwa kama kisa cha uaminifu kwa rafiki, na uaminifu huo upo. Sisi twaona pia moyo wa mtu aliyekuwa na mama wawili, mmoja aliyemzaa akanyamaza, mwingine aliyemlea akadharauliwa. Ndiyo maana twaona Karna hakuweza kumwacha mtu wa kwanza aliyemheshimu hadharani, hata mtu huyo alipokuwa na kosa. Waswahili wana methali isemayo kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Yafaa iandikwe chini ya picha ya Radha, kama tungekuwa na picha yake. Hatuna.

Sasa tuseme jambo ambalo ni zito kulisema katika ukumbi huu, na wazee wetu watuwie radhi. Katika nyumba tulizokulia kulikuwa na kikombe cha Yaya. Kilikuwa cha bati, kiliwekwa peke yake, dirishani au chini ya sinki, na sahani yake pia. Hakuketi kwenye kiti tulichoketi. Mikono iliyotulisha haikuruhusiwa kugusa mtungi wetu wa maji, na baadhi ya nyumba haikuruhusiwa kuingia chumba cha sala. Watoto hatukuulizwa, nasi hatukuuliza. Mtoto wa miaka 2 humpenda yule mwanamke kuliko mtu yeyote duniani. Mtoto wa miaka 5 amekwisha kujua kwamba anakunywa kwa kikombe cha bati. Mtoto wa miaka 8 humwita kwa sauti ile ile baba anayomwitia. Fikirini ni kazi gani inafanyika ndani ya moyo mdogo katika miaka hiyo sita: kujifunza kwamba mtu unayempenda kuliko wote ni mtu wa chini, na kwamba ili uwe mkubwa huna budi kumdharau. Somo la namna hiyo halibaki jikoni. Mtu huenda nalo katika ndoa yake na katika kazi yake, na halafu tunasema kwamba jamii yetu haijui kuonyesha mapenzi.

Mila zetu, tuseme haki, zinaanza vizuri. Simant katika mwezi wa saba, mama kurudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, siku ya chhathi, mwezi na robo wa kukaa ndani na mtoto bila kuguswa na kazi, ghodiyu ile bembea ya kitambaa: waliotunga mambo hayo walijua kwamba mama na mtoto wanahitaji muda wa kufahamiana. Marehemu Sudhir Kakar, mwanasaikolojia wa India, aliandika mwaka 1978 juu ya miaka hiyo ya kwanza ya mtoto wa Kihindu kuwa ni miaka ya ukaribu mkubwa na mama, ambayo kwa mtoto wa kiume hukatika ghafla anapoingizwa katika ulimwengu wa wanaume. Sisi wa pwani hii tuliongeza mkato mmoja ambao Kakar hakuuzungumzia. Mkato huo ulikuja siku Yaya alipoondoka.

Na yeye aliondoka kwenda wapi? Tulipokuwa watoto hatukudhani kwamba ana mahali. Wengi wao walikuwa na watoto wao wenyewe, waliobaki bara kwa bibi zao, wakiona mama yao mara moja au mbili kwa mwaka. Mwanamke yule aliyetuimbia usiku alikuwa na mtoto aliyelala mahali pengine bila wimbo wake. Hatuwezi kusoma habari za Bowlby kwa ajili ya watoto wetu peke yao. Bibi wale wa bara walifanya kazi kubwa, na Ainsworth angetuambia kwamba mtoto aweza kushikamana na bibi na akawa salama. Lakini mtoto yule hakuchagua, na mama yake pia hakuchagua, na mshahara tulioutoa haukuwa na fungu la nauli. Kuna akina mama ukumbini humu, waliokuja pamoja na familia wanazozifanyia kazi, wanaolijua jambo hili kuliko sisi. Twaona wameinamisha macho. Tutanyamaza kidogo hapo.

Wale wanaouliza kama mtu mzima aweza kupona, wasikilize habari ya mtafiti Mary Main wa California. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake waliwahoji wazazi juu ya utoto wao wenyewe, wakalinganisha masimulizi hayo na jinsi watoto wao walivyoshikamana nao. Ilionekana kwamba lenye nguvu zaidi si kama mzazi alikuwa na utoto mwema au mbaya. Ni kama anaweza kuusimulia. Waliopata shida wakaweza kuieleza kwa utaratibu, bila kuipamba na bila kupotea katika hasira, mara nyingi watoto wao walikuwa watulivu. Waliosema kwamba utoto wao ulikuwa mzuri kabisa, lakini wasikumbuke hata tukio moja la kuuthibitisha, mara nyingi watoto wao ndio waliogeuza uso mama aliporudi. Hii ndiyo sababu tumethubutu kusema habari za kikombe. Hatukuja kuwahukumu wazazi wetu, ambao wengi wao walilelewa hivyo hivyo na walitupenda kwa njia waliyoijua. Tulitaka habari hiyo isimuliwe na sisi wenyewe, mbele ya watoto wetu, tukiwa tungali na kumbukumbu.

Yanayoweza kufanywa ni madogo, na nyumba nyingine zimeanza. Yaya akiwa hana budi kuondoka, mtoto aambiwe kabla, kwa maneno ya kweli. Asidanganywe kwamba amekwenda sokoni, kwa maana mtoto huyo atangoja mlangoni kila mtu akirudi na kikapu. Waagane mchana, kwa kukumbatiana, hata kama watu wazima wamekosana. Kilio kikija, kiachwe kije. Picha ibaki. Simu ipigwe Jumapili. Na yaya mpya asianze siku ile ile wa kwanza anapotoka. Siku chache za kuwa pamoja ni gharama ndogo kuliko miezi ya mtoto aliyenyamaza. Likizo ya yaya kwenda kwao iandikwe kama zinavyoandikwa likizo za karani wa duka, pamoja na nauli. Habari ya kikombe, kila mwenye nyumba anajua la kufanya kesho asubuhi. Nao akina baba, ambao tumewaacha pembeni mpaka sasa: kujua mtoto wako analala upande gani hakuhitaji cheti.

Katika Bhagavata imeandikwa kwamba Krishna, alipokwisha kwenda Mathura na kuwapata wazazi waliomzaa, hakuwasahau Nanda na Yashoda. Alimtuma rafiki yake Uddhava aende kwao awatulize, na Uddhava alikaa huko miezi. Kila Janmashtami tunapanga mstari hapa chini kuivuta kamba ya bembea ya Krishna mchanga, na kila mmoja anataka zamu yake. Bembea tunayoivuta ni ya nyumba ya Yashoda.

Neno letu la mwisho ni ombi kwa wasomaji wa kitabu hiki cha kumbukumbu. Katika kurasa za picha mtaona ile ya siku ya kuweka jiwe la msingi. Wanaume wote waliosimama mstari wa nyuma wametajwa chini yake, na kazi zao, na miji ya Gujarat na Kutch walikotoka. Upande wa kushoto, karibu na mwembe, wako wanawake watano wenye kanga, wamebeba watoto. Watoto wale wametajwa kwa sababu watatu kati yao baadaye walikuwa wajumbe wa halmashauri. Wanawake hawakutajwa. Tumewauliza wazee, na mpaka tunapopeleka maneno haya kiwandani tumepata jina moja tu, na hilo ni nusu. Mwenye kumtambua mmojawapo, au mwenye kuwafahamu watoto wao, twamwomba alete majina kwa Katibu, ofisi ya hekalu, siku yoyote baada ya sala ya jioni. Nafasi yake imeachwa chini ya picha.